Boya Letu Linasema Bahari Imetulia

(Hotuba ya Mkurugenzi Mkuu Théophane Amirault, iliyotolewa katika ukumbi wa zimamoto wa Havre-Basile, Nova Scotia, alasiri ya Jumapili ya mwisho ya Novemba, siku moja kabla ya boti kutoka kwenda kutega kamba koche. Makofi, vicheko na maneno ya pembeni yamewekwa mahali pake na katibu wa ukumbi, ambaye hakuongeza chumvi.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Bandari, Bwana Placide Doucette (anasimama, anakaa). Mheshimiwa Mkuu wa Kikosi cha Zimamoto, Bwana Placide Doucette (anasimama tena). Mheshimiwa Mlezi wa Kwaya ya Parokia, ambaye, naona hapa kwenye karatasi yangu, ni Bwana Placide Doucette (anabaki amesimama: "Endelea tu, Théophane, magoti haya si ya kuchezea"). Baba Padri, uliyekubali kufupisha mahubiri yako leo ili mimi nisilazimike kufupisha yangu. Waheshimiwa manahodha wenye boti. Waheshimiwa mabaharia mnaozifanya boti hizo zionekane zina nahodha. Waheshimiwa kina mama mlioko jikoni mkiangalia rapure, chakula chetu cha viazi, isiungue, na waheshimiwa kina baba mlioko jikoni mkiionja kwa kisingizio cha kuiangalia. Wageni waalikwa ambao hawakufika lakini wametuma salamu. Wageni waalikwa ambao hawakufika na hawakutuma salamu. Mabibi na mabwana: kama kuna mtu nimemruka, ajihesabu yumo, itifaki imezingatiwa.

Havre-Basile oyee!

(Oyee mbili. Ya tatu imetoka jikoni, mdomo ukiwa umejaa.)

Nasimama mbele yenu nikiwa mwingi wa furaha, unyenyekevu na shukrani, na zaidi unyenyekevu, kwani miongoni mwa sifa zangu zote hiyo ndiyo inayonitofautisha na wakurugenzi wengine, kwa niaba ya Mamlaka ya Kanda ya Uunganishaji wa Vipimo vya Baharini na Modeli za Kompyuta za Mzunguko wa Maji ya Bahari, ambayo kwa kifupi tunaiita Mamlaka, kuwasilisha kwenu, ninyi wadau wetu wakuu, taarifa ya utekelezaji wa mradi mkubwa, mtambuka na shirikishi ambao haujawahi kutokea katika historia ya pwani hii.

("Haujawahi kutokea," anasema Bi Odile Surette wa safu ya mbele. "Hapo umesema kweli." Kicheko.)

Asante, Bi Odile. Napokea pongezi hizo kwa mikono miwili.

("Si pongezi, Mkurugenzi. Simu ya bandari ni saa kumi. Tuambie tu kesho tutoke au tubaki.")

Nafika huko, mama, nafika. Mwenda pole hajikwai, na mimi nakwenda pole kwa mujibu wa mpango kazi. Nafahamu fika kwamba Bi Odile, nahodha wa boti ya *Petite Marthe*, ndiye mliyemchagua mwaka huu kuisemea bandari yetu katika simu hiyo, ambapo bandari zote za wilaya zitaamua kama boti zitatoka kesho alfajiri au zitasubiri hadi hali iwe nzuri, kwa kuwa kanuni ni ile ile tuliyoikuta: zikitoka zinatoka zote, zikibaki zinabaki zote, asiwepo mjanja wa kuwahi kutega kabla ya mwenzake. Nafahamu pia kwamba boti siku hiyo hubebeshwa mitego hadi juu ya kibanda cha usukani, ikawa kama mtu aliyejitwika meza ya chakula kichwani, na kwamba kule nje ya Fungu la mchanga, maji yanapokupwa kwa kasi yakakutana uso kwa uso na upepo wa kusini-magharibi, boti ya namna hiyo inaweza kupata, kwa lugha ya kitaalamu, changamoto ya msawazo.

("Inapinduka," anasema Bi Odile. "Sema inapinduka. Neno haliumi.")

Inapinduka. Majina yaliyochongwa kwenye jiwe la gatini sote tunayajua, na mengine ni ya ukoo wangu.

(Bwana Placide anakaa.)

Na ni kwa sababu hiyo hasa, ndugu zangu, kwamba Mamlaka ilikaa chini, ikafanya upembuzi yakinifu, ikaandaa hadidu za rejea, ikaziboresha hadidu hizo, ikafanya warsha ya kujengeana uwezo kuhusu namna ya kuzisoma, na hatimaye ikaja na jibu la kisayansi: kwamba bahari isiachiwe ijisemee yenyewe, kwa sababu bahari haina takwimu, wala kompyuta isiachiwe iseme peke yake, kwa sababu kompyuta haijalowa. Viunganishwe. Boya lipime, modeli ikokotoe, na Mkurugenzi atangaze. (Anasubiri makofi.) Makofi, tafadhali. (Makofi.)

Sasa wapo humu ndani wenzetu ambao hawakubahatika kuhudhuria warsha zetu kumi na moja. Nitawaeleza kwa lugha nyepesi. Modeli ya mzunguko wa bahari ni kama mpishi mwenye kiburi. Anajua kanuni zote: maji yanakwendaje, chumvi inazamaje, upepo unasukuma nini, mwezi unavuta nini. Ukimwacha peke yake atapika mchuzi siku nzima bila kuonja, na kila saa atazidi kuwa na hakika kwamba chumvi imetosha. Basi ukitaka mchuzi unaolika, unaleta mtu wa kuonja. Boya ndilo ulimi. Kila saa linaonja bahari, linatuma habari mjini, na modeli inalinganisha: mimi nilidhani hivi, boya linasema vile, basi nisogee kidogo upande wa boya. Isogee kiasi gani? Hapo ndipo hekima ya uongozi inapohitajika, kwa sababu inategemea ni nani unamwamini zaidi, mpishi au ulimi. Na mimi, ndugu zangu, nilitoa maelekezo kwa barua kwamba modeli ilazimike kuliamini boya kabisa kabisa, bila mjadala, kwa sababu boya tumelinunua kwa pesa na modeli tulipewa bure.

(Kicheko. Mtu nyuma anasema, "Huyo ni Théophane wa Anselme wa Jacques, babu yake naye alikuwa hivyo hivyo.")

Naam, mimi ni Théophane wa Anselme wa Jacques, na babu angeona leo angelia kwa furaha.

Na matokeo, mabibi na mabwana? Haikuwa rahisi. Boya lilipowashwa mara ya kwanza, mwezi Juni wa mwaka jana, modeli ilikuwa mkaidi, inajibu, haina adabu. Ikasema maji ya Havre-Basile yana nyuzi tisa na mkondo wake ni mkali. Boya likasema hapana, yana nyuzi ishirini na moja, na mkondo hakuna. Modeli ikasema haiwezekani. Boya likarudia. Wataalamu wetu mjini, vijana wazuri sana, wakaniandikia wakiuliza kama boya lina hitilafu. Nikawajibu kwa barua yenye muhuri kwamba boya ni jipya, lina dhamana, na anayetilia shaka boya anatilia shaka Mamlaka. Basi wakaibana modeli. Ilihangaika majira yote ya joto, ikitoa mawimbi hapa, ikiyeyusha theluji pale, kama mtoto anayevalishwa viatu vidogo. Lakini kufikia Oktoba ilikubali yaishe. Leo hii, nasema kwa fahari, makubaliano kati ya boya na modeli yamefikia asilimia tisini na nane nukta sita!

(Makofi ya wachache. Mireille, binti wa Mkurugenzi, baharia wa *Petite Marthe*, anasema kutoka katikati ya ukumbi: "Baba, nyuzi ishirini na moja? Hata Agosti ukitumbukia humo unatoka unaongea sauti ya mtoto.")

Mwanangu, tukiwa hapa uniite Mkurugenzi. Na ndiyo maana tunasema dunia inabadilika.

("Dunia inabadilika, Mkurugenzi, ila miguu yangu ilikuwa majini jana.")

Hayo ni maoni ya miguu. Miguu haina dhamana ya mtengenezaji. (Kicheko.) Tuendelee.

Mradi huu umeleta pia ugunduzi ambao, bila kujisifu, umelifikisha jina la kijiji chetu hadi Honolulu, nilikokwenda kwa gharama za Mamlaka kuuwasilisha, na nikarudi na baridi yabisi kwa sababu ya viyoyozi. Tumegundua mkondo mpya. Naam! Mkondo wa maji ya moto ambao hauonekani kabisa wakati wa kiangazi, lakini ikifika Oktoba unatokea kila jioni kwenye saa kumi na mbili hivi, unapanda polepole, unafikia kilele baada ya chakula cha usiku, halafu unafifia watu wanapokwenda kulala. Hakuna kitabu cha sayansi kinachoutaja. Siku za Jumamosi unachelewa na unakuwa mkali zaidi. Kwa pendekezo la wengi, yaani mimi na makamu wangu, tumeupa jina la Mkondo wa Amirault.

(Makofi. Bwana Zacharie Muise, anayeishi peke yake mwisho wa barabara ya Fungu, anakohoa, anaweka kofia usoni.)

Pole, Bwana Zacharie. Apewe maji.

Aidha, mwezi Machi, boya liliripoti wimbi. Si wimbi la kawaida, hapana. Lilikuwa wimbi lililoliinamisha boya upande mmoja, ghafla, kwa kishindo, likaliacha limeinama hivyo hivyo kwa siku tatu. Wimbi lililosimama! Siku tatu, ndugu zangu, halikwenda mbele wala halikurudi nyuma. Wataalamu mjini hawakulala. Kisha siku ya nne boya likainuliwa, nikimaanisha likainuka, na bahari ikarejea katika utulivu wake. Tumeliita Wimbi la Subira, na andiko lake liko katika hatua za mwisho.

("Lilipiga saa ngapi?" anauliza Bwana Zacharie.)

Asubuhi, saa nne na nusu.

("Ndiyo," anasema Bwana Zacharie, kama mtu anayekumbuka. "Ndiyo, lilikuwa asubuhi." Anarudisha kofia usoni.)

Mnaona? Hata wananchi wa kawaida walilisikia! Huo ndio ushirikishwaji.

Sasa, takwimu. Katika kipindi cha utekelezaji Mamlaka imefanya vikao arobaini na viwili, ziara za mafunzo saba, imechapisha fulana za rangi ya bahari, saizi zote isipokuwa zile mnazovaa, na imeandaa mkakati wa mnyororo wa thamani kutoka kwenye wimbi hadi kwa mlaji...

("Na mnyororo wa kulifungia boya?" anauliza Bi Odile.)

Umeagizwa. Nikimaanisha mnyororo wa akiba.

("Zimebaki dakika ishirini, Théophane.")

Mkurugenzi, tafadhali, Bi Odile. Huyu mama tulisoma naye darasa moja kwa masista, na hata wakati ule alikuwa ananyoosha mkono kabla swali halijaulizwa.

("Na wewe ulikuwa unajibu kabla hujalisikia." Kicheko kirefu. Padri naye.)

Basi, kwa heshima ya saa, natangaza sasa rasmi, mbele ya Mwenyekiti wa Baraza, Mkuu wa Zimamoto na Mlezi wa Kwaya ("Nipo, nipo"), utabiri wa Mamlaka kwa siku ya kesho, Jumatatu, alfajiri, nje ya Fungu, boti zote zitakapokuwa njiani. (Anavaa miwani. Anafungua karatasi iliyokunjwa mara nne.) Kasi ya mkondo: sifuri. Urefu wa mawimbi: sifuri. Joto la maji: nyuzi ishirini na mbili. Hali hii, wataalamu wanathibitisha, ni bora kuliko zote zilizopata kurekodiwa tangu boya liwashwe, isipokuwa jana, na juzi, na siku nyingine zote. Boya letu linasema bahari imetulia! Bahari yenye takwimu...?

(Anasubiri. Hakuna anayejua kiitikio.)

...mvuvi mwenye tija! Mnaitikia, "mvuvi mwenye tija." Imeandikwa nyuma ya fulana.

(Minong'ono. "Nyuzi ishirini na mbili," anasema Mireille, "basi kesho natoka na kaptula." Hakuna anayecheka sana. Baharia mmoja anasema, "Redio imesema upepo." Mwingine anasema, "Redio ni ya wilaya nzima, hii ni ya kwetu, ina boya." Wa kwanza anasema, "Kama boya limesema, mimi ni nani?")

Hayo ndiyo ninayopenda kusikia. Kama boya limesema, mimi ni nani! Kijana huyu apewe fulana.

(Bi Odile anasimama. "Mkurugenzi, swali moja. Boya liko wapi?")

Swali zuri sana, na nakushukuru kwa kuliuliza, kwa maana linagusa kiini cha mradi. Boya liko katika ukanda wetu wa pwani.

("Wapi katika ukanda wa pwani?")

Katika eneo la utekelezaji.

("Nje ya Fungu au ndani ya Fungu? Nimepita huko tangu kiangazi nikilitafuta nilikwepe, nisije nikalikata. Sijaliona. Nikadhani mmelizamisha chini zaidi.")

Mahali lilipo panakidhi vigezo vyote vya usalama.

("Théophane, liko ndani ya maji?")

Liko ndani ya mradi, Bi Odile. (Makofi ya mtu mmoja, makamu wake.) Na kwa jibu hilo nadhani tumefunga mjadala, kwa sababu naona harufu ya rapure imeshinda hoja zote, na mimi si mtu wa kusimama kati ya wananchi na viazi vyao.

Nihitimishe. Ndugu zangu, kiongozi hupimwa kwa yale anayoyaacha, na mimi ninaacha mengi: mengine mezani, mengine kwa makatibu, mengine kwa watakaokuja. Naahidi kwamba ifikapo mwaka ujao tutakuwa na boya la pili litakaloliangalia boya la kwanza. Naahidi kituo cha mafunzo. Naahidi mgahawa ndani ya kituo cha mafunzo. Naahidi kwamba hakuna baharia wa Havre-Basile atakayetoka gatini bila kujua maji yanakwenda wapi, na kama maji hayajui, tutayaelekeza! Data ni...? Uhai! Boya ni...? Letu! Havre-Basile...?

("Njaa!" Jikoni.)

Kabla sijashuka, mniruhusu nitoe shukrani, kwa maana mkono mtupu haulambwi, na mkono wa mtu mwingine unapokusaidia unaushika, unaushukuru, na unauandika kwenye taarifa. Namshukuru Waziri, aliyekubali kuja kukata utepe wa kulizindua boya mwezi Juni wa mwaka jana, akaahirisha hadi Septemba kwa sababu ya uchaguzi, akaahirisha hadi Mei kwa sababu ya ushindi, na akaahirisha tena hadi hapo itakapotangazwa kwa sababu ya mafua. Kwa mujibu wa kanuni, mradi usiozinduliwa haujaanza, na usioanza hauwezi kusemwa kuwa umechelewa. Kwa hiyo nafurahi kuwataarifu kwamba, kisheria, mradi wetu haujachelewa hata siku moja. Nawashukuru vijana wetu wa mjini, ambao hawajapata nafasi ya kufika hapa hata mara moja, lakini walitushauri tuliwashe boya mapema, kwa majaribio ya siku mbili tatu, wakati tukisubiri utepe. Namshukuru msambazaji wa minyororo, ambaye barua yake ya kuomba radhi imeandikwa kwa lugha nzuri sana. Na mwisho kabisa, kwa namna ya pekee, namshukuru Bwana Zacharie Muise, Zacharie wa Louis wa Pierre, asimame tumwone (hasimami), aliyejitolea bila malipo banda lake, na ambaye tangu siku ile ya Juni hadi hii leo amelitunza boya letu pakavu, salama, kati ya jiko la kuni na lundo la kuni, asilikwaruze hata rangi. Makofi kwa Bwana Zacharie!

(Hakuna makofi. Kijiko kinaanguka jikoni.)

Makofi, tafadhali.

("Zacharie," anasema Bwana Placide polepole, "boya liko bandani kwako?")

("Si mlijua?" anasema Bwana Zacharie, akitoa kofia usoni. "Walilileta kwa lori mchana kweupe. Mkurugenzi akasema, liweke hapa hadi nikwambie. Hajaniambia. Kitu cha mtu kwenye pwani hii hakiguswi, hata mtego wa mtu ukiburuzwa na maji hadi mlangoni kwako huufungui. Nilihamisha meza nikala chakula changu mle mle, nisije nikaliacha peke yake likazimika. Na kuni zikaliangukia Machi, nikaziondoa siku ya nne kwa sababu mgongo ulikuwa unauma. Nilidhani mnapima moshi.")

(Kicheko kinaanzia nyuma, kinakuja mbele kama maji ya kujaa, hadi Padri anashika kiti. Mireille hacheki. Mtu anasema, "Mkondo wa Amirault! Ni jiko la Zacharie! Jumamosi anachelewa kwa sababu anacheza karata!" Kicheko kingine.)

Ndugu zangu, utulivu. Utulivu. Nadhani kuna upotoshaji. Hakuna mahali popote katika hotuba hii niliposema boya liko baharini. Nilisema linapima. Nalo linapima. Kila lilichopima ni kweli. Banda la Bwana Zacharie lina nyuzi ishirini na mbili, mkondo hakuna, mawimbi hakuna, na modeli ikaamini, na asilimia ni ile ile, tisini na nane nukta...

(Simu ya Bi Odile inaita. Kicheko kinakatika. Anaiweka sikioni, anasema, "Havre-Basile ipo, ngojeni kidogo," anaishusha, anaiziba kwa kiganja.)

("Théophane wa Anselme. Weka karatasi chini. Bandari zote ziko kwenye simu, na tatu zimekwishasema zitatufuata sisi, kwa sababu zimesikia sisi tuna boya. Unanisikia? Zinafuata banda la Zacharie. Na Mireille wako kesho anasimama nyuma kabisa ya boti yangu, mahali pa kusukumia mitego, hapo ambapo boti ikilala upande ndipo maji yanapoingia kwanza. Niambie. Nimchukue mtoto wako kesho, au nisimchukue?")

Bi Odile, kwa mujibu wa utabiri wa Mamlaka...

(Anaikunja karatasi.)

Kwa kuzingatia makubaliano kati ya vipimo na...

(Anamtazama Mireille. Mireille anamtazama yeye. Hamwiti Mkurugenzi.)

Placide, tafadhali, vuta hilo pazia.

(Bwana Placide anavuta pazia la dirisha lililo nyuma ya jukwaa. Mkurugenzi anageuka, anaupa ukumbi mgongo. Bendera ya gatini imenyooka, ncha yake ikielekea kaskazini-mashariki. Nje ya Fungu ni kweupe kwa povu la mawimbi kutoka mwisho hadi mwisho, na maji bado hayajaanza hata kupwa. Shakwe wote wamekaa kwenye uwanja wa shule, vifua kwenye upepo, hakuna hata mmoja aliye juu. Anayatazama yote. Miwani ameivua.)

Huo upepo haulali leo usiku.

("Sisikii, Mkurugenzi," anasema Bi Odile. "Geuka.")

Hapana. Nasema hapana, Odile. Usimchukue. Usitoke, na mtu yeyote asitoke, na hizo bandari tatu uziambie zisitufuate, tulikuwa tunaongea upuuzi.

(Bi Odile anaiinua simu. "Havre-Basile inasema hapana," anasema. "Ndiyo. Ndiyo, nina hakika. Mkurugenzi amechungulia dirishani.")

(Anasikiliza. Anatikisa kichwa mara mbili. "Wote wanabaki," anauambia ukumbi. Watu wanasimama, viti vinaburuzwa, mtu analia, mtu anamkumbatia Zacharie asiyejua kwa nini anakumbatiwa. Mkurugenzi anapangusa miwani kwa ncha ya hotuba yake, anaivaa, anagonga kipaza sauti.)

Ndugu wananchi. Ndugu wananchi, nina dakika moja. Katibu, naomba hili liingizwe kwenye kumbukumbu kama lilivyo: kwamba leo, katika ukumbi huu, Mamlaka ya Kanda ya Uunganishaji wa Vipimo vya Baharini na Modeli za Kompyuta za Mzunguko wa Maji ya Bahari imetoa utabiri wake wa kwanza, na kwamba bahari iliulizwa.

Asanteni sana. Mireille, mama, nishikilie ngazi hii nishuke.